HURUMA NA SABABU YAKE: FASIHI NA MATANGAZO YA KUOMBA MISAADA



Katika mwaka 1919 bibi mmoja wa Kiingereza aitwaye Eglantyne Jebb alikamatwa na polisi katika uwanja wa Trafalgar, mjini London. Kosa lake lilikuwa kugawa karatasi ambazo hazikupitishwa na wakaguzi wa serikali. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha tangu Novemba 1918, lakini manowari za Uingereza na za washirika wake zilikuwa bado zinazuia chakula kuwafikia watu wa nchi zilizoshindwa. Karatasi aliyoigawa Jebb ilikuwa na picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Chini ya picha hiyo maandishi yalitamka waziwazi kwamba mzingiro uliowekwa na Waingereza wenyewe ndio uliomfikisha mtoto yule katika hali ile. Mahakama ikamtoza Jebb faini ya paundi 5. Husimuliwa kwamba mwendesha mashtaka wa serikali, ambaye alikuwa amekwisha kushinda kesi yake, alimpa bibi yule paundi 5 kutoka mfukoni mwake. Mwaka ule ule Jebb na dada yake, Dorothy Buxton, wakaunda mfuko wa kuwasaidia watoto ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina la Save the Children.

Yafaa kuitazama karatasi hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyounganishwa kwa ustadi. Liko jambo la kuliza, nalo ni mtoto. Liko jambo la kushtaki, nalo ni mzingiro. Mtazamaji wa London hakupewa nafasi ya kulia kisha akaenda zake nyumbani akiwa ameridhika na wema wake, maana aliambiwa kwamba serikali aliyoipigia kura, na manowari alizozilipia kodi, ndizo zilizokuwa zikimuua mtoto aliyemlilia. Ndiyo maana polisi waliitwa. Hakuna serikali inayomkamata mtu kwa kuonyesha mtoto mwenye njaa. Hukamatwa yule anayetaja sababu ya njaa.

Miaka zaidi ya 100 imepita. Picha ya mtoto imebaki, tena imeongezeka na kung'arishwa na mitambo ambayo Jebb hakuiota. Maandishi ya chini, yale ya kushtaki, yamefutika katika sehemu kubwa ya matangazo ya aina hiyo. Namna yalivyofutika, na hasara iliyotokana na kufutika huko, ni jambo linalomhusu mwalimu wa fasihi kama linavyomhusu mtumishi wa serikali anayekaa meza moja na wafadhili.

Walimu wanajua kwamba dhamira ya kazi ya fasihi si jambo linalotajwa tu na mtunzi. Dhamira hujitokeza katika mpangilio: nani anapewa nafasi ya kusema, nani anasemewa, nani anaonekana na nani amefichwa, jambo gani limetangulia na lipi limefuata. Hisia nazo si pambo la kuongezwa juu ya dhamira kama mchuzi juu ya wali. Hisia ndiyo njia ambayo dhamira huingilia moyoni, na mara nyingi huingia kabla akili haijafungua mlango. Wanaodai kwamba kazi nzuri ya sanaa haina haja ya kumgusa mtu moyo wanasema jambo ambalo hawalifuati wenyewe wanaposoma. Basi hoja si kama hisia zitumike au zisitumike. Zinatumika, na zitatumika. Hoja ni zinampeleka wapi mtu aliyekwisha kuguswa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliieleza huruma kuwa ni uchungu unaomwingia mtu anapomwona mwenzake amefikwa na baya asilostahili, tena baya ambalo mtazamaji mwenyewe anaweza kulihofia kwa nafsi yake au kwa jamaa zake. Maelezo haya yana masharti mawili ambayo matangazo mengi hayayatimizi. Baya lisilostahili huleta swali: ikiwa hakustahili, imekuwaje limemfika? Na baya linaloweza kumfika mtazamaji humweka mtazamaji na mtazamwa katika ngazi moja. Pale ambapo swali halikuulizwa, na ambapo mtazamaji ana hakika kwamba yeye na wanawe hawawezi kamwe kufikwa na jambo lile, kinachobaki moyoni si huruma ya Aristotle. Ni kitu kinachofanana nayo kwa sura, kama majani ya magugu yanavyofanana na ya mpunga.

Mfano mzuri wa mwandishi aliyekabiliwa na uamuzi huu ni Charles Dickens. Mapema katika mwaka 1843 alisoma taarifa ya tume iliyochunguza kazi za watoto katika migodi na viwanda vya Uingereza, akaingiwa na uchungu mkubwa, akakusudia kuandika kijitabu cha kuwasihi Waingereza wamtetee mtoto wa maskini. Siku chache baadaye akabadili nia. Akamwandikia daktari mmoja aliyekuwa mjumbe wa tume ile kwamba angeahirisha kijitabu, na kwamba kabla ya mwaka kwisha angepiga pigo lenye nguvu mara 20,000 kuliko kijitabu hicho. Desemba ya mwaka huo kikatoka kisa cha Krismasi cha Scrooge, yaani A Christmas Carol.

Kisa hicho kina mtoto mgonjwa, Tim, mwenye mkongojo, na hapana shaka kwamba Dickens amemweka pale ili machozi yatoke. Lakini mtoto yule ana baba. Baba ana jina, Bob Cratchit, ana kazi, na ana mshahara unaotajwa kwa hesabu: shilingi 15 kwa wiki. Anayemlipa shilingi hizo 15 ni Scrooge. Kwa hiyo msomaji anapomwona Tim, hapo hapo anaiona sababu ya hali ya Tim, nayo imekaa ofisini ikihesabu fedha. Tena anayetazamwa toka mwanzo hadi mwisho wa kisa si maskini. Anayepelekwa huku na huku na mizimu, anayefunuliwa utoto wake, mapenzi yake na kaburi lake, ni tajiri. Na mwisho wa mambo Scrooge hatoi bata mzinga tu kama sadaka ya sikukuu. Anampandishia karani wake mshahara. Msomaji anaweza kumlaumu Dickens, na wengi wamemlaumu, kwa kutumaini kwamba tajiri mmoja akigeuka moyo dunia itanyooka, bila sheria wala umoja wa wafanyakazi. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini hawezi kulaumiwa kwamba aliificha sababu.

Miaka 10 hivi baadaye, katika riwaya yake ya Bleak House ya 1852 na 1853, Dickens alimchora Bi. Jellyby, mama ambaye mawazo yake yote yako kwa watu wa Borrioboola-Gha, mahali pa kubuni katika ukingo wa mto Niger, hali watoto wake mwenyewe wanaanguka ngazini, wachafu, hawana wa kuwaangalia. Kejeli ile ilikuwa kali na ya kweli. Ina kasoro moja kubwa ambayo wahakiki wa Ulaya hawakuiona upesi. Watu wa Borrioboola-Gha wenyewe hawasemi neno lolote katika riwaya nzima, na mfalme wao anatajwa tu kama mlevi anayetaka kuwauza watu kwa pombe. Dickens alimcheka mfadhili, kisha akamchora mfadhiliwa kwa wino ule ule wa mfadhili.

Katika fasihi ya Kiswahili msomaji atakumbuka mara moja mahakama ya Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka 1951. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa hatia ya kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anapopewa ruhusa ya kujitetea haanzi na vifungu. Anasimulia. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakateseka njiani, wakarudi na mambo ya manufaa kwa nchi, wakatupwa gerezani. Hakuna msikilizaji asiyeguswa. Hata hivyo Karama haombi wajumbe wale wapewe chakula kizuri zaidi kifungoni, wala haombi watu wachangishe blanketi. Mateso ya kila mjumbe yanasimuliwa kama ushahidi, na ushahidi wote unaelekea mahali pamoja, yaani nchi isiyo na sheria. Ni kazi ya kuamsha hisia kutoka mwanzo hadi mwisho, na ni hoja ya wakili kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa litazamwe tangazo la kuomba misaada, kama lilivyoenea katika magazeti na televisheni za Ulaya na Marekani tangu vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Fani yake inafahamika hata kwa mtu asiyejua kusoma. Mtoto yuko peke yake. Kamera iko juu, mtoto yuko chini, anaangalia juu. Mama, kama yupo, amekatwa na ukingo wa picha, umebaki mkono. Jina ni moja tu, lisilo la baba wala la ukoo, na mara nyingi hakuna hata hilo moja. Kijiji hakitajwi, linatajwa bara zima. Sauti inayosema si yake wala ya mtu wa kwao, bali ni ya mgeni, tena mara nyingi ni mgeni mashuhuri. Kisha zinatajwa fedha kidogo, sawa na bei ya kikombe cha kahawa kwa siku, na jambo hilo linarudiwarudiwa mpaka likae. Ukiuliza dhamira ya mpangilio huo, jibu halitaandikwa popote, lakini kila kiungo cha picha kinalisema: mtoto huyu hana mtu duniani ila wewe unayetazama.

Hiyo ndiyo dhamira, na kwa kawaida si kweli. Watu waliofanya kazi katika kambi za wenye njaa wanajua kwamba karibu na kila mtoto yuko mama aliyetembea siku kadhaa akimbeba, yuko nyanya aliyejinyima, yuko mwalimu au mganga wa zahanati wa nchi ile ile aliyekuwa pale kabla ya kamera na atakayebaki baada yake. Mpiga picha anajua pia. Amewaona. Aliwaomba wasogee kando.

Kwa nini basi fani hii imedumu? Imedumu kwa sababu inafanya kazi, na yafaa kulikubali jambo hilo bila kigugumizi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa fasihi angefaa kulijua. Watu walipewa dola 5 kila mmoja kwa kujaza fomu fulani, kisha wakaombwa wachangie kadiri wapendavyo kwa ajili ya njaa barani Afrika. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye umri wa miaka 7 walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa katika nchi kadhaa walitoa dola 1.14. Na wale waliopewa yote mawili, msichana na takwimu pamoja, walitoa dola 1.43. Takwimu hazikuongeza kitu juu ya habari za msichana, zilipunguza. Mwenye kuandika matangazo akisoma matokeo hayo hujifunza jambo moja: kadiri anavyoeleza zaidi, ndivyo mfuko unavyopungua. Mtu hawezi kumlaumu kwa uvivu. Ana ghala la kujaza.

Hapo ndipo riwaya inapotengana na tangazo, ingawa zote mbili huanza na mtu mmoja. Riwaya ina muda. Euphrase Kezilahabi hakuandika taarifa juu ya malezi ya wasichana. Mwaka 1971 alimleta Rosa, binti wa Zakaria, na msomaji akaenda naye toka nyumbani Ukerewe mpaka chuoni na mpaka mwisho wake mchungu. Msomaji humlilia Rosa, na papo hapo humkasirikia. Humlaumu Zakaria kwa ulevi na ukali wake, kisha polepole hutambua kwamba Zakaria ni jirani yake, pengine ni yeye mwenyewe. Si ajabu kwamba Rosa Mistika kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Adam Shafi naye, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, anamleta Kijakazi, mtumishi aliyezeekea katika kumtumikia bwana wake, ambaye hata Mapinduzi ya 1964 yanapobisha hodi huona taabu kuamini kwamba enzi ya bwana imekwisha. Kumhurumia Kijakazi si kazi rahisi, kwa kuwa utii wake unamuudhi msomaji. Lakini kwa kumuudhi namna hiyo mwandishi anaonyesha ukabaila ulivyoweza kuingia hadi ndani ya moyo wa aliyeonewa. Tangazo la misaada haliwezi kumwonyesha Kijakazi. Anayeombewa sadaka sharti awe hana hatia hata ya mawazo, na kiumbe asiye na hatia ya mawazo ni mtoto mchanga; ndiyo maana watu wazima wa bara zima wametoweka katika picha hizo.

Ushahidi mkubwa kwamba mpangilio ndio unaozaa dhamira unatoka Ethiopia. Mwaka 1973 njaa kubwa iliwaua watu katika jimbo la Wollo huku serikali ya Mfalme Haile Selassie ikilifunika jambo hilo. Oktoba mwaka ule mwandishi wa habari wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, alionyesha katika televisheni ya Uingereza filamu juu ya njaa hiyo. Waingereza waliitazama kama ombi la msaada, wakatoa fedha nyingi. Septemba 11, 1974, wanajeshi waliokuwa wakinyakua madaraka mjini Addis Ababa waliionyesha filamu hiyo hiyo katika televisheni ya Ethiopia, lakini kati ya picha za wenye njaa walipachika picha za karamu na anasa za mfalme. Kesho yake mfalme akaondolewa madarakani. Maiti walikuwa wale wale na macho ya watoto yalikuwa yale yale. Mjini London yalifungua mifuko. Mjini Addis Ababa yalisaidia kuangusha kiti cha enzi. Kilichobadilika ni picha ya jirani tu.

Waliotumia ufundi huo mwaka 1974 walijua nguvu yake, na miaka 10 baadaye ukawageukia. Septemba 1984 serikali ya Mengistu Haile Mariam iliadhimisha kwa fahari kubwa miaka 10 ya utawala wake wakati njaa nyingine imekwisha kushika Wollo na Tigray. Oktoba 23, 1984, televisheni ya BBC ilionyesha habari kutoka Korem zilizoletwa na Michael Buerk, zikiwa zimepigwa picha na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya picha mjini Dar es Salaam katika mwaka 1963. Dunia ilitikisika. Mwezi uliofuata wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa Krismasi. Julai 13, 1985, yakafanyika matamasha makubwa ya London na Philadelphia yaliyotazamwa katika nchi nyingi. Fedha zilipatikana kwa mamilioni, chakula kikasafirishwa, na wako watu wazima leo nchini Ethiopia wanaoishi kwa sababu ya chakula kile. Lazima jambo hilo lisemwe kwanza, na lisemwe kwa heshima.

Lakini maelezo yaliyoandamana na picha zile za Korem yaliifananisha njaa ile na njaa za zama za Biblia. Fananisho hilo lilikuwa na nguvu ajabu, na lilifuta sababu kwa tendo moja. Njaa ya Biblia huletwa na Mungu. Haina waziri wa ulinzi. (Ingawa, kwa kweli, hata katika habari za Yusufu, ambazo Waislamu na Wakristo wanazijua vizuri, njaa ya Misri ilikabiliwa kwa miaka 7 ya kuweka akiba ghalani chini ya msimamizi hodari. Hapo palikuwa na utumishi wa serikali.) Ukame wa Ethiopia ulikuwa wa kweli. Kulikuwa pia na vita katika Tigray na Eritrea, masoko yaliyovurugwa na majeshi, na chakula kilichogeuzwa kuwa silaha. Baadaye watu wapatao 600,000 walihamishwa kutoka kaskazini kwenda kusini, wengi wao bila hiari yao, na shirika la madaktari la Ufaransa lililopaza sauti juu ya uhamisho huo, Médecins Sans Frontières, lilifukuzwa nchini mwishoni mwa 1985. Mashirika mengine yalinyamaza ili yaruhusiwe kubaki. Mtoto wa picha hakuweza kutaja vita, kwa sababu mtoto wa picha hasemi.

Na wimbo ule uliuliza kama wenye njaa wanajua kwamba Krismasi imefika. Swali hilo lilielekezwa kwa nchi ambayo Ukristo umekuwamo tangu karne ya 4, kabla watu wengi wa Ulaya Kaskazini hawajausikia, na ambayo huadhimisha Krismasi yake Januari 7. Waliouimba hawakuwa na nia mbaya. Hawakujua, na mpangilio wa tangazo haukuwataka wajue.

Kwa Waswahili liko neno linaloeleza jambo hili vizuri kuliko neno la uhakiki: sitara. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nao uoshaji hufanyika kwenye pazia. Katika desturi za pwani mwenye kutoa hutoa kwa siri, si kwa sababu yeye ana haya, bali kwa sababu anayepokea ana uso wa kuulinda na kesho atakutana na jirani zake kisimani na msikitini. Picha ya kuombea fedha hufanya kinyume. Huliondoa pazia, tena mbele ya watu ambao maiti hatawajua kamwe. Mtoto aliyepigwa picha akiwa uchi mwaka 1984, kama alipona, ana miaka zaidi ya 40 sasa. Huenda ni dereva, au mwalimu, au mama wa watoto wanaosoma. Picha yake haikukua pamoja naye.

Tofauti kati ya picha na kisa ilidhihirika pia katika mwaka 1993, gazeti la New York Times lilipochapisha picha ya Kevin Carter ya mtoto wa Sudan aliyejikunja ardhini, nyuma yake tai. Wasomaji wengi waliuliza gazeti mtoto yule alipatwa na nini baadaye, hata wahariri wakalazimika kutoa maelezo mafupi kwamba aliweza kuendelea na safari baada ya tai kufukuzwa, na kwamba haikujulikana kama alifika kwenye kituo cha chakula. Wasomaji wale walikuwa wakidai kisa. Walikuwa wamepewa ukurasa mmoja wa kitabu, nao wakataka kurasa za mbele na za nyuma.

Wako wanaosema, kwa kuchukizwa na haya yote, kwamba matangazo ya namna hiyo yasiwepo kabisa. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu aliyekula mchana. Haile Selassie naye hakutaka picha za Wollo, na kisingizio cha heshima ya taifa kimewahi kutumiwa na serikali zaidi ya moja kufunika makaburi. Heshima ya mwenye njaa na heshima ya waziri wake si kitu kimoja. Mashirika ya hiari ya Ulaya yenyewe yalipitisha mwaka 1989 mwongozo wa kuyataka yaepuke picha za kudhalilisha na yaeleze chanzo cha matatizo; mwongozo huo ni mzuri, na kuvunjwa kwake kila msimu wa Krismasi kunaonyesha nguvu ya ile hesabu ya dola 2.38. Wakati mwingine kicheko kimefanikiwa pale mwongozo uliposhindwa. Mwaka 2012 wanafunzi wa Norway walitoa filamu fupi ya kejeli ambamo vijana wa Kiafrika wanaimba na kukusanya mitambo ya kupashia joto nyumba, ili wawapelekee Wanorwei wanaoteseka kwa baridi. Kila kiungo cha tangazo la kawaida kimo ndani yake, ila mahali pa mtoaji na mpokeaji pamebadilishwa, na mtazamaji wa Ulaya akaona kwa mara ya kwanza jinsi anavyoonekana mtu asiyesemewa ila baridi yake.

Tanzania iliwahi kujaribu njia nyingine. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, nayo ilizungumza habari za malaria, kichocho, kuhara na vifo vya watoto, mambo ya kuliza kama yapo. Lakini msikilizaji hakuombwa amhurumie mtu wa mbali. Aliambiwa kwamba mbu anazaliana katika dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake, akaulizwa atafanya nini. Ni kweli kwamba vyoo vingine vilichimbwa kwa kuogopa mjumbe na havikutumika. Hata hivyo dhamira ilikuwa mahali pake: mwenye shida, mwenye kusema na mwenye kutenda walikuwa mtu mmoja.

Kwa mwalimu kazi inaweza kuanza kwa vifaa haba. Atafute tangazo moja la kuomba misaada, la gazetini au la bahasha, na sura moja ya riwaya inayosomwa darasani. Mkono wa mama ukionekana ukingoni mwa picha, wanafunzi waombwe kuichora sehemu iliyokatwa. Wamwandikie mtoto wa picha jina kamili, la baba na la babu, na kijiji, na maneno matatu ambayo angeyasema kama kipaza sauti kingesogezwa kwake. Waambiwe watafute mshahara wa baba yake, kama Dickens alivyoutaja wa Cratchit. Wanafunzi wengine watakasirika, wengine watacheka, na huenda mmoja akasema kwamba yeye au nduguye amewahi kupigwa picha ya namna hiyo. Mwalimu awe tayari kwa hilo, wala asimlazimishe mtoto huyo kueleza zaidi ya anavyotaka.

Matangazo ya kutumia yako mezani pamoja na nakala chache za Kusadikika. Baada ya chai washiriki watagawanyika katika vikundi vya watu watano watano, na kila kikundi kitachukua tangazo moja na kuandika, chini ya picha, mstari ule unaokosekana.